Kijani Katika Wodi ya Njiti

Nilipofunua sahani asubuhi ile, pua ilijua kabla ya macho. Harufu ilikuwa tamu, ya zabibu zilizoanza kuchacha. Niliifunika tena, nikaipeleka dirishani, na kweli, ule ukijani ulikuwa umesambaa ndani ya jeli kama rangi ya majani ya pandani kwenye wali wa sherehe. Vitabuni bakteria huyu ana jina refu la kuumiza ulimi. Sisi wa maabara tunamwita Kijani, na siku hiyo nilimtukana matusi ambayo mama yangu hakunifundisha.

Damu niliyoiotesha kwenye sahani ile ilikuwa ya Tép.

Tép si jina lake la cheti. Kwetu mtoto mchanga hupewa jina la hovyo kwanza, ili wasioonekana wasimtamani, na kama amezaliwa dhaifu ndiyo jina linazidi kuwa baya. Tép ni uduvi. Alizaliwa kabla ya wakati wake, akawa analala kwenye kitanda cha joto huku mrija wa oksijeni na mrija wa maziwa ikipita puani, na ngozi yake ilikuwa nyembamba hata mishipa ikaonekana. Mama yake ni Diễm, msichana mpole anayeogopa kila kitu. Bibi yake, mama mkwe wa Diễm, ni dada Sáu, muuguzi mkuu wa wodi hiyo hiyo ya njiti, rafiki yangu tangu tulipokuwa na viuno vyembamba.

Tép hakuwa wa kwanza. Bắp, mtoto wa Mận, tulikuwa tumeshamzika. Baada yake alishikwa msichana mmoja ambaye bado alikuwa anapigana. Wote walikuwa na Kijani kwenye damu, na wote walishikwa wakiwa ndani ya hospitali yetu, si kwingine. Kijani ni mdudu wa majimaji. Mahali fulani ndani ya jengo hili palikuwa na maji, au kifaa chenye unyevu, palipokuwa panawalisha watoto wetu sumu, na mimi, mkuu wa maabara, nilikuwa sijapaona.

Nilipanda kwa mkurugenzi na sahani mkononi. Daktari Tường ni daktari wa watoto, alikuwa mzuri sana kabla hawajampa kiti. Nilimkuta amesimama, simu imelazwa mezani kifudifudi, kikombe cha kahawa kimeyeyusha barafu yote bila kuguswa.

"Usiniambie," alisema.

"Ni Kijani."

"Nimekwambia usiniambie." Akakaa. "Mkoa wamepiga. Wanataka wodi ifungwe leo. Magari ya wagonjwa yanakuja, watoto wote wanapelekwa Saigon baada ya chakula cha mchana."

"Na Tép?"

Alitazama barabara dirishani kwanza. Nilimpenda kwa hilo, maana angeweza kunidanganya.

"Barabara ile, joto hili, foleni ya kivuko," alisema. "Dawa ndiyo kwanza imeanza kumshika. Kwenye kitanda chake ana nafasi. Kwenye gari hafiki, Liễu. Mimi nimewasafirisha wa aina yake, najua."

"Basi usimsafirishe."

"Nimwache ndani ya wodi inayoua? Nipe chanzo. Nionyeshe ni bomba gani, ni mashine gani, nilifunge hilo moja, niwaambie mkoa wodi ni salama. Huna chanzo, sina maneno."

"Una mpaka mchana, kaka."

"Wewe ndiye una mpaka mchana," alisema.

Nilishuka ngazi nikiwa na hasira na kila mtu, na zaidi na nafsi yangu. Si kwamba tulikaa bure. Tulikuwa tumepitisha vijiti vya pamba kwenye kila tundu la wodi ile: chupa za maji ya oksijeni, mipira ya vitanda vya joto, mashine za kunyonya makohozi, mizani, hata kalamu za madaktari. Sahani zote safi. Watu wa maji wa mkoa nao walikuja na glavu zao mpya, wakapima kila bomba kama kanuni inavyotaka: fungulia koki, acha maji yatiririke kwa muda, choma mdomo wa koki kwa moto, ndipo ukinge. Mimi nilikuwa nyuma yao natikisa kichwa kama mtu wa maana. Maji yao yalitoka safi, na Tép akashikwa kesho yake.

Dada Sáu alikuwa mlangoni mwa wodi, barakoa chini ya kidevu, macho mekundu. Alipoona trei yangu akajaribu kutania, maana ndivyo tulivyozoea.

"Umekuja tena na vijiti vyako? Umeshatupaka kila mahali, bado puani tu."

"Nikimkuta Kijani puani kwako nitaikata hiyo pua."

"Ikate. Hainisaidii kitu." Kisha akashusha sauti. "Ni yeye?"

"Ni yeye, dada."

Alishika ukingo wa mlango. Kisha akavuta barakoa juu na kuwa muuguzi tena. "Tường kaniambia kuhusu magari," alisema. "Nimeshaandaa mtungi wa oksijeni wa Tép. Nitakaa naye nyuma, nitambana kifuani kwangu, nitampulizia mwenyewe. Watu wanasema hafiki. Mimi nasema atafika."

"Dada Sáu, tusifike huko. Nisaidie kufikiri. Nini kinawagusa wale watatu ambacho hakiwagusi wengine?"

"Unaniuliza mara ya ngapi? Mikono ileile, shuka zilezile, dawa za kabati lilelile. Hii ndiyo wodi inayonawa mikono kuliko zote, picha yangu wameibandika pale chini kwa sababu hiyo, unajua."

Nilijua. Picha hiyo nilikuwa naicheka kila nikipita, kwa vile walimpiga akiwa amefumba jicho moja. Lakini sifa ilikuwa ya haki. Zamani akina mama wa wodi ile walikuwa wanagusa watoto na mikono mikavu isiyoona maji, na hakuna kelele iliyosaidia. Halafu wakaanza kunawa. Wote, kwa foleni, bila kusukumwa. Dada Sáu aliulizwa alifanyaje, akasema ni upendo tu, watu wakapiga makofi.

Nilianza upya toka mwanzo, kitanda kwa kitanda. Nje kulikuwa na lile joto la msimu wa ukame ambapo mto unarudisha chumvi mpaka mjini na maji ya bomba yanakosa nguvu. Wakati huo kwa kawaida hospitali nzima huwa imelala usingizi wa mchana, wauguzi kwenye mikeka chini ya meza. Siku ile hakuna aliyelala. Wazazi walikuwa wanafunga mabegi kwenye korido, na mtu mmoja alikuwa akilia kwenye simu kwamba hana ndugu Saigon.

Nilipomaliza vitanda, vijiti vyangu vilikuwa vimebaki vichache na sikuwa na wazo hata moja. Nikaingia chumba cha akina mama kunywa maji, kile chumba kidogo wanamokamulia maziwa. Nilikuwa nimeshapima humo. Pampu za maziwa zilikuwa zimepangwa rafuni, kila asubuhi huenda kwenye mtambo wa mvuke zikarudi moto. Sahani zake zilikuwa safi pia, kwa sababu nilizipima asubuhi, zikitoka kwenye mvuke.

Diễm alikuwa kwenye sinki. Alikuwa amevaa kama mzazi wa kwetu anavyotakiwa kuvaa hata jua likipasua mawe: soksi nene, kitambaa kichwani, pamba masikioni, na alikuwa ananuka tangawizi na ile nyama ya nguruwe kavu ya pilipili manga ambayo mama wakwe hulazimisha. Alikuwa anasuuza pampu. Alisuuza taratibu, akaingiza vidole ndani ya kikombe chake, akakizungusha, akaacha maji yamtiririkie mpaka kwenye viwiko.

Nilikuwa nimeinua chupa yangu ya maji. Nikaiteremsha.

Ngoja niseme jambo ambalo kila mwanamke wa kwetu analijua. Ukijifungua, hugusi maji baridi mpaka mwezi uishe. Baridi ikiingia mifupani haitoki, utazeeka ukitetemeka mikono. Mimi nina shahada, nimesoma mpaka nje, na nilipomzaa binti yangu sikugusa bomba mwezi mzima, mama yangu angenichapa. Na huyu hapa Diễm, mwoga wa kila kitu, amezamisha mikono yake kwenye bomba la hospitali kana kwamba anacheza mvuani.

"Diễm," nilisema. "Hayo maji si baridi?"

"Hapana, shangazi. Ni vuguvugu."

"Bomba letu lina maji ya vuguvugu tangu lini?"

"Mama katuwekea." Akatabasamu kidogo, mara ya kwanza wiki ile. "Ili tusiogope kunawa."

"Toa mikono yako hapo."

"Shangazi?"

"Toa mikono, mwanangu, weka hiyo pampu chini, usiguse kitu."

Chini ya sinki kulikuwa na pazia la kitambaa cha maua. Nililivuta. Nyuma yake kulikuwa na hita ndogo ya umeme, tangi jeupe la kufungia nyumbani, limeunganishwa kwenye bomba kwa mpira uliopindwa vizuri na fundi mwenye moyo wake. Halikuwa kwenye mchoro wowote wa jengo. Niliweka mkono juu ya tangi. Lilikuwa na joto la shingo ya mtoto mwenye afya, joto ambalo Kijani analipenda kuliko mahali popote duniani.

Nilipiga magoti pale chini na nikaona yote. Wale watu wa mkoa walifungulia maji yatiririke, kama kanuni inavyosema. Tangi dogo kama lile linaisha upesi. Walichokinga kwenye chupa zao kilikuwa maji ya mji, mapya, yenye klorini, yaliyopita tu. Maji yenyewe, yale ya kwanza, yaliyolala humo usiku kucha yakimwotesha Kijani, waliyamwaga kwenye sinki kwa kufuata kanuni. Na mimi nikatikisa kichwa.

Nilifungua chujio la mdomo wa koki kwa vidole. Lilitoka na ute, mzito, wa kuteleza. Nikalisogeza puani. Zabibu.

"Unafanya nini na maji ya akina mama?"

Dada Sáu alikuwa amesimama nyuma yangu na mtungi wa oksijeni mkononi. Nilimpa lile chujio. Hakulichukua. Aliliangalia tu, kisha akaangalia pazia lililovutwa.

"Diễm, nenda kwa mtoto," alisema. Diễm akaenda. Dada Sáu akafunga mlango.

"Hiyo hita kaifunga mume wangu kwa mikono yake," alisema. "Mpya. Safi. Maji yaleyale ya bomba, yamepashwa tu."

"Yamepashwa nusu, dada. Yangechemka yangemuua Kijani. Yangekuwa baridi asingekua. Umemtengenezea kitanda cha joto na yeye."

"Nilipunguza wasiungue! Nilipima kwa kiwiko, kama unavyopima maji ya kumwogesha mtoto." Akauhamishia mtungi mkono wa pili. "Walikuwa hawanawi, Liễu. Uliwaona. Nikiwagombeza wanalia, nikiwaacha watoto wanakufa kwa uchafu. Nikasema basi, nitawapa wanachokitaka."

"Najua."

"Hujui! Ukitoka hapo nje ukasema ni hii, umesema ni mimi."

"Nimesema ni maji."

"Maji kayaweka nani?"

Nilikuwa na hasira naye, nalisema wazi, hasira ya kutaka kumtikisa mabega mpaka meno yagongane, na wakati huohuo nilitaka kumkumbatia. Sikufanya lolote kati ya hayo. Nilikinga maji ya kwanza kwenye chupa, nikapitisha kijiti ndani ya koki, nikatoka mbio. Magari yalikuwa yameshaingia getini. Nilisikia injini.

Daktari Tường alikuwa kwenye korido katikati ya mabegi, wazazi wamemzunguka. Nilimwonyesha chujio mbele yao wote, sikuwa na muda wa adabu. Nikamweleza hita, joto, yale maji ya kwanza. Alisikiliza vizuri. Aliponiangalia niliona anataka kuniamini, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Sahani lini?"

"Kesho."

"Ute huo utaukuta hata kwenye bomba la nyumbani kwangu, Liễu."

"Unusishe."

"Nikaandike kwa mkoa kwamba mkuu wa maabara amenusa?" Akafuta jasho. "Na ikiwa ni hiyo, kwa nini watatu tu? Chumba kile ni cha wote. Nieleze kwa nini wengine wazima, nami nasimamisha magari sasa hivi. Huwezi?"

Sikuweza. Hilo ndilo lilikuwa shimo katika maneno yangu na alilitia kidole papo hapo. Nani alitumia pampu ipi, nani alisuuza wapi, hakuna mahali palipoandikwa. Akina mama wanapeana vitu kama majirani. Mtu mmoja tu alikuwa anazigawa pampu zile na kujua kila tone la maziwa limetoka kwa nani, naye alikuwa amesimama mlangoni mwa wodi na mtungi wa oksijeni wa mjukuu wake.

Nilimwangalia dada Sáu. Hakuniangalia. Alikuwa anaangalia benchi la ukutani, na nilipofuata macho yake nilimwona Mận.

Mận alikuwa bado yupo hospitali. Mtoto wake Bắp yuko kaburini kwenye kisiwa chao cha mtoni, lakini maziwa yake hayakujua habari hizo, yaliendelea kuja. Diễm hakuwa na maziwa ya kutosha, hofu ilimkausha. Basi dada Sáu mwenyewe alikwenda kumpigia magoti Mận, akamwomba maziwa kwa ajili ya Tép. Kuomba maziwa si aibu kwetu, ila kumwomba mama aliyezika kunahitaji uso wa aina yake. Mận alikubali. Alibaki, analala kwenye mkeka chumba cha akina mama, anakamua, anasuuza, anakabidhi. Alikuwa amekaa pale kwenye benchi na begi lake dogo, akisubiri kuambiwa kama aende Saigon na maziwa yake au arudi kwao.

Mhudumu wa gari alikuja kusukuma mlango. "Tuanze na yule mdogo?" aliuliza.

"Dada Sáu," nilisema.

Angeweza kunyamaza. Nimelifikiri hili mara nyingi. Watoto wangepakiwa, hita ingetolewa kimyakimya na mume wake jioni, mimi ningekuwa na sahani ya kijani na maelezo nusu, na Bắp angebaki mtoto aliyekufa kwa bahati mbaya. Angemkumbatia Tép kwenye gari na kama asingefika, watu wangemlilia yeye.

Aliweka mtungi chini.

"Ni chumba changu," alisema. Sauti ilikuwa ya kutoa ripoti ya zamu, ileile ninayoijua. "Wale wazima, mama zao wanakaa mjini. Maziwa yanaletwa yamekamuliwa nyumbani. Wengine wanakuja na chupa zao za maji ya moto, wanasuuzia hayo. Wanaolala hapa ni wa mbali tu. Mama wa yule msichana. Mkwe wangu. Na Mận. Hao ndio wanaosuuza pampu kwenye hita, mchana na usiku, na maziwa hayo ndiyo yanaingia kwenye mrija. Pampu zinapigwa mvuke asubuhi, lakini mkamuo wa pili na wa tatu zinasuuzwa kwa maji yangu tu. Hakuna mtoto mzima hata mmoja aliyelishwa kwa pampu iliyosuuzwa pale. Hita nimeifungisha mwenyewe bila kumwambia mkubwa yeyote. Bắp alishikwa baada ya hapo."

Diễm alikuwa ameshatoka mlangoni, amejiziba mdomo kwa mikono yake miwili.

"Una hakika?" aliuliza Daktari Tường, taratibu.

"Nimezigawa mimi. Andika, nitatia sahihi."

Daktari Tường alichomoa kalamu, na niliona yule daktari wa watoto anarudi usoni mwake. Kisha akamgeukia mhudumu. "Zimeni injini. Hakuna mtoto anayetoka. Liễu, funga chumba kile, toa kila kitu, maziwa yote yamwagwe, vifaa vyote vichemshwe upya. Mkoa nitawapigia mimi." Akashusha pumzi. "Dada Sáu, vua kitambulisho. Huingii tena wodini."

"Najua," alisema, na alikuwa ameshakivua.

Nalisema mapema ili lisitucheleweshe: kesho yake maji yale ya kwanza yalitoa sahani ya kijani kibichi, inayonuka mpaka mlangoni, na Tép hakupanda gari lolote. Leo anakimbiza bata wa jirani na kuwatukana. Lakini siku ile hakuna aliyejua hayo, na siku ilikuwa haijaisha.

Mận alikuwa amesimama. Watu walimpisha. Mimi nilijiandaa kumzuia, nakiri, nilidhani atamrukia.

"Nilisuuza kila siku, shangazi Sáu," alisema. "Uliniambia nisisahau."

"Ndiyo."

"Bắp akiwa hai. Kila nikimkamulia."

"Ndiyo, mwanangu."

"Yalikuwa maji mazuri." Mận alisema hivyo kwa mshangao tu, bila kelele. "Nilipiga simu nyumbani, nikamwambia mama, hospitali hii wanatupenda, wametuwekea maji ya vuguvugu."

Dada Sáu alipiga magoti. Mwanamke mzima, muuguzi mkuu, kwenye sakafu ya korido mbele ya msichana wa kisiwani. Mận hakumwinua. Alimpita, akaenda kukaa kwenye benchi lilelile na kugeukia ukuta.

Tukafanya kazi. Tulimwaga maziwa yote, tukaondoa hita, tukachemsha kila kilichoweza kuchemshwa. Kisha ikafika saa ya Tép kula. Muuguzi wa zamu alitoka na kikombe kidogo cha chuma, kilichotoka kwenye mvuke, akamfuata Diễm. Diễm alijaribu. Alijikamua mpaka akalia kwa maumivu, na hakikutoka kitu. Daktari Tường alikuwa ametuambia wazi kwamba maziwa ya kopo kwenye tumbo lile, na ugonjwa ule, yanaweza kumaliza kazi ambayo Kijani ameianza.

Dada Sáu alikuwa nje ya mlango wa kioo, mahali ambapo ndugu wa wagonjwa husimama. Alikiona kikombe kitupu. Akafungua mdomo kuelekea benchi, na mara hii hakuthubutu kuomba.

Muuguzi alisimama hapo na kikombe, hajui aende wapi. Mimi pia sikujua. Ningeweza kusema kitu, nina mdomo mkubwa kwa mambo mengine yote.

Mận aligeuka. Alikiangalia kikombe, kisha akainuka akaja kwenye beseni tuliloweka mlangoni, la maji yaliyochemshwa na kupoa.

"Hayo ni ya baridi," muuguzi alimwonya.

"Naona."

Aliingiza mikono yote, akaisugua kwa sabuni, vidole, kucha, mpaka juu ya viwiko, polepole kama alivyofundishwa. Alipomaliza akainua mikono inayotiririka maji na kumtazama dada Sáu kupitia kioo.

"Sikusamehi," alimwambia. "Usinishukuru pia."

Akachukua kikombe, akatugeuzia mgongo, akaanza kukamua.